Wasemavyo Wanafunzi juu ya Jiografia na Masomo ya Nje ya Darasa

Walimu wa jiografia tunapokutana, mazungumzo yetu aghalabu huwa juu ya uhaba wa vitabu, wingi wa watoto darasani na ramani za ukutani zilizochakaa. Mazungumzo hayo ni ya haki. Hata hivyo, yuko mtu mmoja ambaye ni nadra kumwuliza neno, naye ndiye aketiye mbele yetu tangu kipindi kianze hadi kiishe. Kwa miaka kadhaa sasa, tunapowafuata wanachuo katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule za msingi za vijiji vya Dodoma, tumezoea kutenga dakika chache mwishoni mwa kipindi ili watoto waandike kwenye vipande vya karatasi, pasipo majina, mada waipendayo, mada wasiyoipenda, na sababu. Wanachuo nao tumewauliza maswali hayo hayo. Hatukuchora majedwali wala kukokotoa asilimia. Tulisoma karatasi moja moja, tukazungumza, kisha tukajaribu mambo fulani ambayo karatasi hizo zilituelekeza.

Mada zipendwazo hazikutushangaza. Volkano hupendwa kuliko zote, na mtoto akisikia kwamba hapa nchini kwetu Ol Doinyo Lengai ulilipuka mwaka 2007, basi mwalimu hana tena kazi ya kumwomba asikilize. Sayari na nyota hupendwa. Wanyama pori hupendwa, japo wengi huandika juu ya simba na tembo kama wanavyoandika juu ya mashujaa wa hadithi. Mada zisizopendwa ndizo zilizotupa la kufikiri: latitudo na longitudo, usomaji wa ramani, kipimio, na ile orodha ndefu ya mazao na mahali yanapolimwa. Juu ya orodha ya mazao wote wasema jambo moja, kwamba hukaririwa leo ikasahaulika kesho. Juu ya longitudo sababu zao ni nzito zaidi. Mtoto mmoja wa darasa la sita aliandika kwamba hiyo ni mistari ambayo hakuna mtu aliyepata kuiona, na ukiuliza iko wapi mwalimu hukasirika.

Tuliisoma karatasi ile mara kadhaa. Mwenye kuiandika si mtoto mzito wa akili. Ameuliza swali ambalo kila mwanajiografia angepaswa kuliuliza: kitu hiki kiko wapi, na nitakijuaje? Akanyamazishwa. Tangu hapo jiografia kwake imekuwa habari za mahali asipoweza kufika na vitu asivyoweza kuvishika, na kazi yake imebaki kuamini na kukariri.

Kuhusu masomo ya nje, jibu karibu lilikuwa la sauti moja: wote wataka ziara. Tulipouliza wale waliowahi kwenda walikumbuka nini, tulipata habari za basi, za nyimbo njiani, za soda na chapati, na za tumbili aliyempokonya mwalimu kofia. Ni mambo mazuri kwa mtoto, wala hatuna nia ya kuyabeza. Lakini kati ya watoto waliopelekwa mbuga ya Mikumi, hatukupata hata mmoja aliyeweza kutuambia ni kwa nini uwanda ule una nyasi ilhali milima iliyo jirani ina msitu. Wanachuo nao, tulipowauliza ziara zao za sekondari, hawakutofautiana sana na watoto. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake; ziara isiyo na swali la kujibiwa hula nauli pia.

Jambo lililotuuma zaidi lilikuwa katika karatasi za wale wasiokwenda. Ziara ya basi huchangiwa na wazazi, na katika kila darasa wako ambao wazazi wao hawana cha kuchangia. Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, waliobaki walipewa kazi ya kufagia uwanja siku wenzao walipoondoka. Kesho yake darasa zima likaamriwa kuandika insha juu ya ziara. Mmoja wa waliobaki alituandikia kwamba yeye hajui jiografia kwa sababu hakulipa. Tafadhali usome tena maneno hayo, ndugu mwanachuo, kwa maana mwaka ujao utakuwa wewe unayekusanya michango. Mtoto yule hakusema kwamba alikosa safari. Alisema kwamba amelikosa somo lenyewe, na kwa jinsi mambo yalivyopangwa, hakukosea.

Kwa sababu hiyo tumewataka wanachuo wetu waanze masomo ya nje mahali ambapo miguu hufika na hakuna anayebaki. Hatusemi kwamba mbuga na volkano hazifai kutembelewa. Twasema kwamba mwalimu anayesubiri basi ili aanze kazi ya nje huenda akasubiri hadi astaafu, na wakati huo wote uwanja wa shule upo, kijito kipo, korongo lipo. Penye miti, kama isemwavyo, hapana wajenzi.

Tulianza na fimbo. Fimbo iliyonyooka ya urefu wa mita moja ilisimikwa katikati ya uwanja, ikasawazishwa kwa timazi, yaani uzi uliofungwa jiwe, kwa kuwa fimbo iliyoinama huharibu kila kitu. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, wakati ambapo anga la Dodoma huwa halina mawingu. Kazi ya watoto ilikuwa moja tu: kuanzia saa 5 na nusu mchana, kila baada ya dakika tano, wachomeke kijiti penye ncha ya kivuli. Kivuli kilipokuwa kifupi kuliko vyote, waandike saa na wapime urefu wake kwa rula.

Jambo la kwanza waliloliona ni kwamba kivuli hakikuwa kifupi kabisa saa 6 kamili. Kiliendelea kufupika hadi karibu saa 6 na nusu. Wengi walidhani saa ya mwalimu ni mbovu. Zikaletwa nyingine mbili, nazo zikashuhudia vilevile. Hapo ndipo ile mistari isiyoonekana ilipopata kazi. Saa za Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, kwa kuwa jua huchukua saa 1 kupita nyuzi 15, na nyuzi 45 ni saa 3 kamili kutoka Greenwich. Lakini longitudo hiyo haipiti popote nchini mwetu. Hupita baharini, mbali mashariki ya Zanzibar. Dodoma iko karibu na nyuzi 36. Tofauti ya nyuzi 9, kwa dakika 4 kila nyuzi, ni dakika 36 ambazo jua hutuchelewea. Kwa majuma yale lilikuwa limetangulia kidogo kwa dakika kama 10, kwa sababu mwendo wa dunia kulizunguka jua si wa kasi ileile mwaka mzima. Jambo hili la pili tuliwatajia tu, hatukulidai katika mtihani.

Watoto wa Kiislamu ndio waliotusaidia kulimaliza somo. Walisema kwamba wao walikwisha kujua tangu zamani kuwa mwezi wa Ramadhani watu wa Dar es Salaam hufuturu mapema na ndugu zao wa Kigoma huchelewa. Tukawapa ramani wahesabu. Dar es Salaam iko penye nyuzi 39 na ziada, Kigoma karibu nyuzi 29 na nusu. Tofauti yake ni takriban dakika 40. Kikao kizima cha darasa kilicheka kwa furaha, kwa maana hesabu ilikubaliana na futari. Longitudo ilikuwa nyumbani kwao siku zote. Hawakuwa wameambiwa jina lake.

Jambo la pili lilihitaji subira, na hapa twapenda kuwasihi wanachuo wasiwe na haraka. Kipimo kilirudiwa kila baada ya siku tatu. Kivuli cha mchana, ambacho mwanzoni kilielekea kusini, kilipungua kwa karibu sentimita 2 kila mara. Tarehe 8 Oktoba kilitoweka. Fimbo ilisimama juani pasipo kivuli, na watoto wa madarasa mengine wakatoka bila ruhusa kuja kuona. Baada ya siku chache kivuli kilirudi, ila sasa kilielekea kaskazini. Vitabu huwaambia watoto kwamba jua huwa la utosi kwenye Ikweta karibu tarehe 21 Machi na 23 Septemba, nao hukariri tarehe hizo. Ni wachache waliowahi kuambiwa kwamba kwetu, penye nyuzi 6 Kusini, jua huwa la utosi karibu tarehe 5 Machi na tarehe 8 Oktoba. Machi huwa na mawingu huku kwetu. Kwa hiyo Oktoba ndio mwezi wa kuutumia.

Gharama ya somo hilo ilikuwa fimbo moja, uzi na rula. Hakuna aliyebaki kufagia.

Kazi ya nje ya pili ilihusu makorongo. Anayeijua Dodoma anajua kwamba ardhi yake imechanwa na maji pengi. Mvua yetu si nyingi, kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, lakini huja karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na huja kwa nguvu juu ya ardhi iliyo tupu. Kabla ya kwenda kwenye korongo tuliwapa watoto hesabu hii: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya eneo ni lita 1 ya maji. Paa la madarasa mawili lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 7 hupokea basi lita ngapi kwa mwaka? Zikatoka lita 79,800. Wakatazamana. Shule ile haina tangi, na watoto huja asubuhi na vidumu vya maji kutoka nyumbani. Mmoja akauliza maji yote hayo huenda wapi. Tukatoka nje kuyafuata.

Njia ya maji ilianza chini ya mchirizi wa paa, ikapita kando ya shamba la shule, ikawa mfereji, na baada ya mita mia mbili ikawa korongo linalozidi kimo cha mtu. Watoto walipima kwa kamba iliyofungwa fundo kila mita: upana wa juu, upana wa chini, kina. Walisimika vigingi mita moja kutoka ukingoni, ili baada ya mvua wajue ukingo umeliwa kiasi gani. Katika kundi moja alikuwamo mvulana ambaye mwalimu wake alikwisha kutuonya kwamba hana analojua. Mvulana yule huchunga mbuzi kila jioni. Ndiye aliyewaonyesha wenzake mahali ambapo korongo lilipoanzia alipokuwa darasa la pili, na mti ambao zamani ulikuwa mbali na ukingo na sasa mizizi yake inaning'inia hewani. Siku ile kundi lake liliandika kwa kumfuata. Kwenye karatasi yake ya mwisho wa kipindi, ambayo tuliijua kwa mwandiko, aliandika kwamba mada aipendayo ni makorongo.

Tuliporudi darasani tulikata ubavu madebe mawili, tukayajaza udongo, moja likiwa na nyasi zake na jingine tupu, tukayainamisha na kuyamwagia kiasi kilekile cha maji. Kila mwalimu amepata kusikia jaribio hili. Lakini ni wachache wajuao kwamba lilifanywa kwa kipimo kikubwa hapa hapa mkoani, huko Mpwapwa, katika miaka ya 1930. Watafiti walilinganisha vipande vya ardhi vyenye mteremko mmoja. Penye ardhi tupu karibu nusu ya maji ya mvua yalitiririka, na udongo uliochukuliwa ulifikia tani 146 kwa hektari kwa mwaka. Penye shamba la uwele yalitiririka kama robo ya maji, na udongo uliopotea ulikuwa tani 78. Penye nyasi na penye vichaka ambavyo havikulishwa mifugo, udongo haukupotea kiasi cha kupimika. Tulipowasomea watoto tarakimu hizo baada ya madebe yao, hawakuzikariri. Walizifananisha na walichokiona. Mmoja alitaka kujua tani 146 ni mikokoteni mingapi ya punda, na darasa likashughulika na swali hilo hadi kengele ilipolia.

Wanachuo waliokuwa Kondoa walipata somo la namna nyingine. Huko mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka sana, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Majani yalirudi, miti ikaota makorongoni. Katika kitabu habari huishia hapo, nayo huonekana kama ushindi mtupu. Watoto walipotumwa kuwauliza babu na bibi zao, walirudi na majibu yasiyolingana. Wengine walisifu. Wengine walisema kwamba ng'ombe walipoondoka, maziwa na samadi viliondoka pia, na waliokuwa na jamaa wa kuwatunzia mifugo mbali walipona kuliko wasiokuwa na mtu. Wanachuo wawili walitujia na wasiwasi: waandike jibu gani ubaoni? Tuliwaambia waandike yote mawili, na majina ya vijiji yalikotoka. Twaona kwamba jiografia ya mahali ambapo watu wanaishi haiwezi kuwa na jibu moja kwa kila swali, na mtoto wa darasa la sita ana akili ya kutosha kulivumilia hilo.

Isidhaniwe kwamba watoto wote walifurahi. Karatasi zilizoandikwa baada ya kazi za nje zilikuwa na malalamiko, nasi twayaandika hapa kwa kuwa ndiyo maoni tuliyoyatafuta. Wapo waliolalamikia jua, kiu na miiba. Wapo waliosema kuhesabu vivuli kunachosha. Na msichana mmoja, baada ya somo la mto wa mchanga, aliandika kwamba yeye huenda mtoni kila siku kuchimba kisima na kuchota maji, na haoni kwa nini shule nayo impeleke huko huko.

Lalamiko hili lisipuuzwe. Walimu wa zamani wanakumbuka jinsi Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ambayo ilikusudia shamba la shule liwe mahali pa kujifunza, ilivyogeuzwa katika shule nyingi kuwa jembe na jasho pasipo somo. Kazi ya nje ya jiografia yaweza kuharibika kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa msichana anapelekwa mtoni na kurudi bila kujua zaidi ya alivyojua alfajiri, basi ameonewa. Tulimwomba mwanachuo aliyefundisha darasa lile arudi mtoni na kundi lile, lakini safari hii wasichana wachotao maji wawe ndio waulizwao: kisima huchimbwa kona ipi ya mto, na kwa nini? Walijibu mara moja kwamba huchimba upande wa nje wa kona, penye mwamba karibu, kwa kuwa hapo maji hayazami mbali. Mwanachuo hakulijua hilo, wala halimo katika kitabu chake. Kazi yake ikawa kuwasaidia waseme kwa nini ni hivyo, wachore mto wote na visima vyake kwa kipimio, na wapime kina cha maji kila juma kuanzia Juni hadi Oktoba. Msichana yule hakutuandikia kwamba sasa anaipenda jiografia. Aliandika kwamba ramani yao ina kosa, kisima cha kwao kimewekwa ng'ambo isiyo yake, na akataka kirekebishwe. Kikarekebishwa.

Yako mambo machache ya utaratibu ambayo andalio la somo lisiyaache. Mwalimu aende peke yake kwanza, aone njia na hatari zake. Kingo za makorongo humomonyoka chini ya miguu, na mito ya msimu hujaa ghafla hata kama mvua imenyesha mbali, hivyo masomo ya mtoni yafanywe kiangazi. Serikali ya kijiji iarifiwe. Makundi yasizidi watoto wanane, kila mmoja akiwa na kazi yake ya kupima, kuandika au kushika kamba, na mtoto asiyeweza kutembea mbali apangiwe kipimo kilicho uwanjani ambacho kundi zima litakihitaji. Maswali yawe mawili au matatu. Tumeona wanachuo wakitoka na maswali ishirini kwenye karatasi, na wote wakaishia kunakili maswali.

Darasa lililosimika fimbo lilituachia swali ambalo bado halijaisha. Walitaka kujua kivuli kingetoweka lini kama fimbo ingekuwa mji mwingine. Mwanachuo mmoja aliyepangiwa kazi Songea, karibu na nyuzi 11 Kusini, alikubali kusimika fimbo huko na kuwaandikia. Barua yake ilisema kivuli chake kilitoweka siku kumi na mbili baada ya chao. Wakaichora habari hiyo kwenye ramani yao ya ukutani. Sasa wamekisia kwamba Mwanza kivuli hutoweka mwishoni mwa Septemba, nao hawana mtu huko wa kuwathibitishia. Mwanachuo atakayepangiwa upande huo na apite kwetu kabla ya kuondoka. Fimbo na timazi tutampa.